Posa yangu Mpwapwa: Bibi, magazeti ya ukutani na punda aliyerithi shamba

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Hili limenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Wa kunisuta yupo humu humu, maana mchumba wangu anashinda jukwaani kuliko mimi.

Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Neema, ndiyo huyo mchumba, anakaa Area D ila kwao ni Mpwapwa. Tumependana muda mrefu, nikaona sasa inatosha, nipeleke barua ya posa.

Neema akaniambia, "Baba hana shida. Mama hana shida. Shida ni Bibi."

Bibi mzaa baba yake. Mzee sana, lakini kichwa kinafanya kazi kuliko changu.

Chumba chake kimebandikwa magazeti ya enzi za mkoloni kuanzia sakafuni hadi darini. Baba yake Bibi ndiye aliyeyabandika kupamba nyumba, kama wengi walivyofanya zamani. Baba mkwe kayafunika kwa nailoni ngumu yasiharibike.

Sasa mila ya ile familia ni hii. Barua haifunguliwi mpaka upande wa mwanaume uingie kwa Bibi. Anawaonesha kichwa cha habari, nyie mnamwambia nini kilifuata. Mnatunga tu. Akicheka, barua inapokelewa. Asipocheka mnakula ugali wenu na mlenda, mnaaga.

Msidhani ni masihara. Kuna jamaa alitangulia kabla yangu, ana gari zuri na maneno mengi. Alipooneshwa gazeti akasema hizo habari zimepitwa na wakati. Aliondoka soda yake haijaisha.

Ili nielewe mchezo, Neema akanipa mfano wa Bibi mwenyewe. Kuna kichwa kinasema WATU WAKATAZWA KUSALIMIANA KATIKATI YA BARABARA. Bibi anasema wazee wawili wa Kigogo walikuwa ndiyo kwanza wameanza kuulizana habari za ng'ombe, wakashuka mtaroni ili wamalizie. Wakoloni wakaondoka, uhuru ukaja, wale wazee bado hawajafika kwenye habari za mbuzi.

Mimi nilicheka. Halafu nikamkumbuka mshenga wangu, presha ikapanda.

Mshenga ni Baba Mdogo, afisa leseni mstaafu. Namheshimu sana, ila sijawahi kumwona akicheka, hata harusini kwake kwenye picha kanuna. Nilimweleza mchezo mara mbili. Yeye akaelewa kwamba kuna usaili.

Tukafika. Tukasalimiana Kigogo, mbukwa za kutosha, tukakaribishwa, tukaingia chumbani kwa Bibi. Neema kasimama mlangoni.

Bibi akanyoosha fimbo ukutani. "Soma hapo, baba."

PUNDA WOTE WA MJINI KUANDIKISHWA.

Baba Mdogo akavaa miwani, akakohoa.

"Agizo hilo lilikuwa na upungufu," akasema. "Punda wa kuandikishwa lazima aje mwenyewe. Akija, anakuja na mzigo. Mzigo nao una leseni yake, dirisha lingine. Kwa hiyo kukawa na foleni ya punda na foleni ya mizigo, wenye punda wakabaki hawana foleni."

Mimi naangalia viatu vyangu.

"Wakafanyaje?" Bibi akauliza.

"Wakapanga foleni ya malalamiko. Sasa tatizo likaja kwenye majina. Punda hana jina la baba, na karani haruhusiwi kuacha nafasi wazi, mama. Ikabidi aandike jina la mwenye punda. Baadaye mzee mmoja wa hapa hapa Mpwapwa akafariki. Watoto wakaenda kudai urithi, wakakuta kisheria mtoto wa kwanza ni punda."

Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika.

"Akarithi?"

"Alirithi. Lakini alikuwa mtu wa haki. Aliwaachia wadogo zake nyumba, akachukua shamba tu."

Wakuu, Bibi alicheka mpaka akajifunika uso na khanga. Mama mkwe akatoka jikoni mbio kuuliza kuna nini. Baba Mdogo akaniinamia sikioni, "Nimekosea wapi?"

Nikajua nimeoa.

Kumbe bado. Bibi akafuta machozi, akanigeukia mimi.

"Huyu kafaulu. Lakini haoi yeye."

Fimbo ikashuka chini kabisa, karibu na kitanda. MVUA NZURI YATARAJIWA MWAKA HUU.

Nilikuwa nimejiandaa na vichekesho vyangu, vyote vikaniishia. Kwetu ni Bahi, ukame tunaujua. Mtu wa Dodoma hahitaji kutungiwa kilichofuata hapo.

Nikasema, "Watu walilima, Bibi. Walifungua mpaka mashamba ya mbali. Wakapanda mbegu yote, hawakubakiza hata ya kula." Nikakwama. "Nisamehe Bibi, hii siwezi kuichekesha."

Bibi hakucheka. Nikamwangalia Neema, kainamisha kichwa. Nikajua nimempoteza.

Bibi akagusa gazeti lile. "Unaona kona hii haipo? Aliilamba kaka yangu. Yalibandikwa kwa uji wa unga haya. Mwaka ule, unga pekee wa nyumba hii ulikuwa ukutani."



"Mama hakujua kusoma. Chungu kikiwa kitupu anatuambia, haya someni, kisha ikawaje? Tunatunga, tunacheka mpaka usingizi unatuchukua. Kaka ndiye alikuwa bingwa. Hakuuona mwaka uliofuata."

Akanitazama. "Wengi nikiwaonesha hapa wananitungia mafuriko. Wewe umenitajia waliolima. Kucheka nimeshacheka na huyu wa punda. Leteni barua."

Nililia wakuu, sitaficha. Baba Mdogo alinipa leso yake, imepigwa pasi.

Nilidhani Bibi anapima nani mjanja wa maneno. Kumbe anatafuta watu wa kukaa nao siku ambayo chungu kitakuwa kitupu tena. Namvulia kofia mpaka kesho, yeye na mama yake aliyelaza watoto njaa huku wanacheka.

Nilichojifunza: ukienda ukweni, usikimbilie kufurahisha watu. Tazama kwanza wanakuonesha nini.

Haya, zamu yenu. Bibi kanipa kichwa kimoja nije nacho: JOGOO ASIYEWIKA APELEKWE KWA BWANA MIFUGO. Ikawaje? Andikeni hapo chini, Jumapili naenda kumsomea. Ila jueni hachekei kila kitu.