Jumamosi za Matarumbeta

Mji mzima ulimwita Sauti, na wengi waliomwita hivyo hawakuwahi kumwona uso. Alikuwa opereta wa simu pale posta, enzi zile mtu hapigi simu mpaka apitie kwa opereta. Aliketi mbele ya ubao wenye matundu, nyaya mkononi, akachomeka huku, akachomoa kule, na watu wakazungumza. Siku moja aliingia dukani kununua sabuni, akauliza bei tu, na mwenye duka akashtuka: "Alaa! Kumbe ndiye wewe!" Sauti akacheka sana. Alipenda watu, na alizipenda kelele zao.

Basi likizo ya uzazi ilimkalia vibaya. Waliishi vyumba viwili katika nyumba za wafanyakazi wa reli, dirisha likitazamana na ukuta wa jirani. Mumewe alikuwa mchomeleaji karakanani, akitoka asubuhi na kurudi jioni. Wageni walifika siku za mwanzo, wakasifu pua ya mtoto, wakatoa ushauri, kila mmoja akipinga wa mwenzake, kisha wakaenda zao. Sauti akabaki na binti mwenye mapafu ya chuma. Alilia akiwa na njaa, akalia akishiba, akalia akiogeshwa, na akikaushwa pia akalia. Na yule aliyezoea kuwaunganisha watu mji mzima hakuwa na wa kusema naye hata neno. Kidogo kidogo akaacha kuchana nywele. Halafu akaacha kuitikia salamu za dirishani.

Jumamosi moja mumewe alirudi mchana, akamkuta kitini kaelekea ukutani, mtoto akipiga yowe kitandani. Alimbeba mtoto, akambembeleza bila mafanikio, kisha akasema:

"Mama watoto, vaa viatu."

"Twende wapi na kiumbe hiki? Nani atatupokea?"

"Mazoezini kwetu."

Karakana ilikuwa na bendi yake ya matarumbeta, na mumewe ndiye aliyepuliza lile la besi, kubwa kuliko yote, linalomzunguka mtu kama chatu.

"Umechanganyikiwa, baba. Kichanga kwenye matarumbeta?"

"Huyu anatushinda kelele sisi wote. Acha akapate wa saizi yake."

Sauti akavaa viatu, si kwa sababu amekubali, bali kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubishana. Jua la nje lilimchoma macho kama mtu aliyetoka gerezani.

Ukumbi wa karakana ulikuwa na sakafu ya saruji, harufu ya mafuta ya mashine, na benchi refu mwisho kabisa, karibu na mlango. Kiongozi wa bendi, karani wa stoo, waliyemwita Kapteni ingawa hakuwahi kukanyaga jeshini, alivaa suruali yenye mkunjo ambao ungeweza kukatia mkate. Alimtazama mtoto, akamtazama mchomeleaji.

"Hii ni bendi au kliniki?"

"Mkuu, nisamehe. Nyumbani tumeshindwa."

Kapteni akageuza macho kwa Sauti, akaziona zile nywele, na ukali ukampungua kidogo. "Mkae kule mwisho, shemeji. Akilia, mtoke nje."

Alikuwa analia tayari. Kapteni akainua kijiti chake, na bendi ikaanza. Besi ilipoguna mara ya kwanza, Sauti aliisikia benchini, ikimpanda mgongoni. Mtoto akanyamaza katikati ya kilio, mdomo wazi. Akakodoa macho. Kisha macho yakalegea, ngumi zikafunguka, akalala fofofo.

Mtu mmoja akakosea noti. Kapteni akasimamisha bendi ili amkaripie, na kabla hajafungua kinywa, mtoto akaamka na yowe. Kapteni akainua kijiti harakaharaka. Muziki ukaanza, mtoto kimya. Akakosea mwingine, bendi ikasimama, yowe. Mara ya tatu Kapteni aliona yaishe. Kosa likapita mbele yake naye analipungia kijiti, kakunja uso kama aliyemeza dawa chungu.

"Jamani!" mpiga ngoma akapaza sauti juu ya muziki. "Tangu lini Kapteni akasamehe kosa?"

Sauti akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, cha kukwaruza, akashangaa kukisikia kikitoka kwake. Kule mbele besi ikakosa pumzi kidogo. Mumewe alikuwa amemsikia.

Jumamosi iliyofuata alichana nywele bila kuambiwa. Wakiwa katikati ya mazoezi, mwanamke mmoja akachungulia mlangoni, mkewe kinyozi, amebeba mtoto mkono huu, na mumewe nyuma yake kabeba mwingine anayefanana na huyo.

"Dada, samahani. Nasikia hapa wanalaza watoto?"

"Wanalaza," akajibu Sauti. "Ila usitegemee kulala wewe."

Huyo ndiye Mama Pacha, na urafiki wao haukukatika tena. Habari zikaenea. Wakaja wengine, mpaka benchi likaongezwa. Huko nyuma ndiko walikofundishana kukata kucha ndogo kuliko punje ya mchele, na kuujua mkao wa kumtoa mtoto gesi. Wakati wa mapumziko mpiga ngoma, baba wa watoto saba, alimwonyesha dereva wa lori namna ya kufunga nepi isiyovuja, na yule dereva akaapa kwamba kubadilisha gurudumu ni rahisi zaidi. Mazoezi yakiisha walitembea wote pamoja hadi bustani ya stesheni, wakatandika shuka majanini, wakanywa chai ya kantini, wakitazama treni ya jioni ikiingia. Sauti aliporudi kazini, wateja walisema sauti yake imerudi na nyingine juu yake.

Karakana ilifungwa miaka mingi iliyopita. Matarumbeta yakafungiwa stoo, Kapteni akahamia kwa wanawe, na mchomeleaji akafariki, kifua kikiwa kimechoka. Ukumbi umekuwa ghala la vigae. Sauti akipita hapo hupunguza mwendo, ajifanye anapanga mkoba wake.

Mwaka huu binti yake naye amejifungua. Akamwomba mama wafuatane kwenye ukumbi mmoja mpya, juu ya duka kubwa, wanakokutana wazazi wenye vichanga. Kuna zulia laini, mito ya rangi, na muziki mwororo usiojulikana unatoka wapi. Sauti aliona panapendeza, ila alipaona kimya mno. Kila mzazi alikuwa ameinamia simu yake. Pembeni, msichana mwenye mtoto anayelia alikuwa akiomba radhi kwa kila aliyegeuka.

"Mama, usiende, atajisikia vibaya," binti yake akanong'ona.

Sauti alishafika. Akaketi kwa shida, magoti yakilalamika.

"Mwanangu, huyu ana mapafu mazuri. Wa kwanza?"

"Wa kwanza, bibi. Halali. Sijui nakosea wapi."

"Hukosei popote. Mlete nimshike, wewe unywe chai yako kabla haijapoa."

Msichana akasita, kisha akampa. Sauti akamlaza mtoto kifuani, akaanza kuguna chini kwa chini, kwa sauti nzito ya besi, bila haya yoyote. Mama mmoja akaweka simu chini, akasogea.

"Bibi, huo wimbo gani?"

"Sogea basi nikusimulie," akasema. "Na yule mwenzako mwite."