Salamu za Shosho Kuvuka Daraja

Lile koti la plastiki la kuvaa mara moja na kutupa lina harufu yake likilowa. Juzi mwanamke mmoja aliingia basini hapa Weston, Kanada, akiwa amelivaa, maji yanamchuruzika, akaketi mbele yangu, nami nikageuza uso dirishani hadi kituo chetu. Si kwamba lilinuka vibaya. Lilinuka maporomoko ya Niagara, na siku niliyopelekwa kukumbatiwa na nyanya ambaye hakuwa akinisubiri mimi.

Nilikuwa na miaka minane. Ili mnielewe itabidi niguse habari ya makaratasi, na nitaifupisha, maana nyumbani kwetu makaratasi yalizungumzwa kuliko chakula. Wazazi wangu walitoka Kenya na kaka yangu Mwangi, aliyekuwa na miaka sita, mimi nikiwa tumboni. Walipitia Marekani hadi mji wa Buffalo, wakawa wanangoja zamu yao ya kuvuka mpaka na kuomba hifadhi Kanada. Mimi sikungoja. Nilizaliwa pale pale Buffalo, na kabla kitovu hakijakauka tukavuka. Kwa hiyo katika nyumba yetu kulikuwa na Mmarekani mmoja, naye ni mimi, niliyeiona Marekani nikiwa nimefumba macho. Kesi ya wale wengine ilikuwa bado inazunguka maofisini, na wakili alishawaonya: mkivuka lile daraja la mpakani kwenda Marekani, msitegemee kurudi.

Mwaka huo Mwangi alipewa shuleni kazi ya kueleza habari za watu weusi wa Marekani waliotoroka utumwa, wengine wakiuvuka mto wa Niagara, ule ule wa mpakani, kuja huku. Alifanyia mazoezi jikoni, mwiko mkononi kama kipaza sauti. Katiba yao, alisema, ilirekebishwa baada ya vita. Kwanza utumwa ukapigwa marufuku. Kisha ikaandikwa kwamba aliyezaliwa katika nchi ile ni raia, na kwamba sheria iwalinde watu wote sawasawa. Halafu kwamba mwanamume asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake. Kabla ya hapo majaji wakubwa walikuwa wameamua kuwa mtu mweusi, hata akiwa huru, hawezi kuwa raia.

"Na ilipoandikwa wakaheshimiwa?" Mama aliuliza.

"Wapi! Walizungushwa karibu miaka mia."

"Basi sisi wa miaka minane bado wachanga," Baba akasema kutoka sebuleni, na Mama akacheka hadi akafunika sufuria vibaya.

Mwangi akanielekezea mwiko. "Lakini mwoneni huyu. Watu walimwaga damu ndiyo maneno hayo yakaandikwa, na huyu, kazi yake ilikuwa kulia tu, akapata pasi."

"Sikuomba," nikajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu.

"Nirudishie mwiko wangu, mheshimiwa," Mama akamwambia.

Mwangi alipigiwa makofi darasani. Mimi nilichoshika ni lile neno pasi.

Majira ya vuli Shosho, mama yake Baba, akaja kumtembelea Shangazi Nyokabi, muuguzi kule Buffalo. Viza ya Marekani alipata, ya Kanada akanyimwa. Watu wazima wakapanga mpango wa ajabu: Shosho asimame upande wake wa mto, pale kwenye maporomoko, sisi upande wetu, tupungiane mikono huku tukizungumza kwa simu. Na kwa kuwa mimi ningeweza kuvuka, Shangazi aje anichukue.

Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na mwana wa kwanza jina la babu. Mimi ni Wambui kwa ajili ya Shosho, ndiyo maana Baba na Shangazi huniita mama. Mwangi ni jina la marehemu mume wake, basi Shosho humwita mume wangu. Na huyo mume wake mdogo, kaka yangu, Shosho alikuwa amemlea mwenyewe kule Nakuru, wazazi wakiwa kazini Nairobi, mpaka siku ya safari. Mimi na Shosho hatukuwahi kuonana.

Asubuhi ile Mwangi alivaa shati la kanisani, na juu yake kofia nyekundu ili aonekane. Mama alimwambia shati halitaonekana ng'ambo. Hakulivua.

Darajani afisa wa Marekani aliitazama pasi yangu, akanitazama, akasema kwa tabasamu: "Karibu nyumbani." Nikageuka nyuma kutazama kama Mwangi amesikia. Alikuwa mbali.

Shosho alikuwa mfupi kuliko picha zake, leso juu ya koti la baridi, na juu ya yote koti la plastiki la kukinga manyunyu ya maporomoko, kama langu. Alinikumbatia hadi plastiki zetu zikagandana. Aliniuliza maswali mengi, na mimi, kwa aibu, nikajibu kwa Kiingereza huku nikitazama viatu.

"Nyokabi, nimeletewa Mzungu mwenye jina langu!" akacheka. Lakini macho yake yalikuwa yamepita juu ya bega langu, yanatafuta ng'ambo.

Shangazi akapiga simu, akaweka sauti ya juu.

"Mume wangu, uko wapi? Inua mkono. Huo si mkono, huo ni kijiti!"

"Ni mimi, Shosho. Mwenye kofia."

Sauti ya Mwangi ilikuwa imegeuka nzito mwaka ule. Shosho akaishusha simu, akaiangalia kama imemdanganya. "Nimeomba mume wangu," akasema, "huyu mzee ni nani?" Tukacheka wote, hata ng'ambo wakacheka. Halafu akashika chuma cha ukingoni mwa mto, na maji yakanguruma peke yake.

Wakati wa kuagana alichota ugoro kidogo, akanusa, akakifungua kiganja changu cha kulia. Kwetu mzee akikubariki hukutemea mate kidogo. Akatema, akakifunga kwa vidole vyake vyenye tumbaku.

"Hii ni ya Mwangi. Usiimwage njiani, mama."

Nilivuka daraja nimefumba ngumi. Afisa wa Kanada akataka kuona nimeshika nini. Shangazi akasema polepole, "Mfungulie tu." Nikafungua. Hakuona kitu, akaturuhusu tupite.

Mwangi alikuwa wa kwanza kutufikia. Nilikuwa ninalia. "Imemwagika," nikamwambia. "Shosho alikutemea, na wamenilazimisha nifungue."

Hakucheka. Alikishika kiganja changu kwa mikono miwili, akakipeleka puani, akakaa nacho hapo muda mrefu, watalii wakitupita.

"Ananuka vilevile," akasema.

Mimi sikujua alikuwa akinuka vipi zamani. Ndilo jambo lililonichukua miaka kulielewa. Mkono ulioguswa ulikuwa wa asiyemjua. Aliyemjua alibaki ananusa mkono wa mwenzake.

Shosho alifariki kabla karatasi zetu hazijatoka. Leo Mwangi ni raia wa Kanada, anavuka daraja lile akitaka, na hapendi kuvuka. Nami mwaka huu darasani tumefika kwenye marekebisho yale yale ya katiba ya Marekani. Nimeyasoma taratibu, nikayaona mazuri, yaliandikwa kwa ajili ya watoto wa watu walioambiwa hawatakuwa na kwao popote. Lakini wakati wa kuyasoma nilikuwa najiona mwizi.

Mwezi uliopita nikajipa moyo, nikamwuliza Mwangi kama alinichukia siku ile. Alikuwa akifunga kamba za viatu aende kazini.

"Wewe nawe," akasema. "Ungebaki nasi upande huu, Shosho angemkumbatia nani? Hewa?"

Ni jibu zuri. Nimelirudia kichwani mara nyingi, na kila mara namwona Shosho, kidevu chake begani kwangu, akitafuta kofia nyekundu.