Rejeta za Mayala

Enzi zetu, ukihisi miguu inakufa ganzi kwa baridi, ulitafuta ng'ombe aliyelala. Ulimwinua kwa fimbo, ukasimama pale pale alipotoka, na joto la tumbo lake likakupanda kutoka nyayoni hadi magotini. Wenzangu mliokulia vijiji vya kuzunguka Kagongwa mnajua ninachosema, na mnajua pia kwamba ng'ombe akiinuka hunyanyua mkia, na lile joto la pili lilikuwa bora kuliko la kwanza, ingawa lilinuka. Mimi nilikuwa kifungua mimba, na kabla mdogo wangu Mayala hajapata akili ya kuchunga, ndama walikuwa wangu. Tulifika shule miguu ya kijani hadi vifundoni. Mwalimu wa zamu akatuchapa kwa uchafu, na fimbo zake nazo zikatupasha moto.

Kipupwe kilipoingia, pamba ilikuwa imejaa ndani ikisubiri kupelekwa kuuzwa. Tulilala juu yake. Baba alikuwa akifoka, "Ile ni pamba, si godoro!" lakini jioni alikuwa kwenye shikome, ule moto wa uani ambako wanaume na wavulana walikaa, na alipokuja kuingia ndani sisi tulikuwa tumeshazama hadi shingoni. Tuliamka na nyuzi nyeupe kichwani kama vizee, tukadonolewa na mbegu usiku kucha, na hatukulalamika. Leo mtoto akikuta mto umelegea anasema ameshindwa kulala.

Jikoni kulikuwa na mafiga ya Mama na sufuria ya michembe, viazi vyetu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, vinavyotoa mvuke mtamu unaoweza kumtuliza hata mtoto aliyetoka kuchapwa. Tulisukumana kupata nafasi upande usio na moshi. Moshi nao ulikuwa na akili, ulimfuata kila aliyehama. Mama alisema, "Moto haugombaniwi, unasogelewa." Blanketi lilikuwa moja, na alipewa Mayala kwa sababu kifua chake kilikuwa kibovu. Alizaliwa mwaka wa njaa, ndiyo maana akaitwa Mayala. Mama mwenyewe alijifunika gunia la pamba. Mayala akiwa bado hajaanza shule alimwambia, "Mama, nikikua hutasikia baridi tena." Watoto wote husema hivyo, na mama wote hucheka. Huyu wetu kumbe alikuwa hatanii.

Mayala alikua, akaenda Geita, akachimba, akafukiwa nusu mwili, akatolewa, akaacha kuchimba akaanza kununua dhahabu ya waliokuwa bado wanafukiwa. Mambo yakamnyookea. Yule mtoto wa mwaka wa njaa sasa ana tumbo linalomtangulia mlangoni. Alijenga ghorofa Katoro, na kabla hajapaka rangi alisafiri na wanunuzi wenzake kwenda kutazama mashine katika nchi moja ya baridi. Huko hotelini aliegemea ukuta akakuta kuna chuma lenye joto. Aliniambia baadaye kwamba alikaa kitandani akilitazama lile chuma, akamkumbuka Mama na gunia lake, machozi yakamtoka. Mtu mwingine angenunua blanketi. Mayala alinunua kontena zima la machuma yale.

Mafundi wakaweka boila la gesi nyuma ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kuchemsha maji, pampu ikayasukuma kwenye mabomba ndani ya kuta, na katika kila chumba maji yakapita kwenye lile chuma lenye mbavu, kisha yakarudi. Watu wa Katoro waliyaangalia yale machuma wakayapa jina moja tu wanalolijua, la kile chuma cha kupoza injini ya gari: rejeta. Madereva wa bodaboda walipunguza mwendo getini kuitazama nyumba yenye rejeta.

Mwaka jana Mama aliugua nimonia. Alipotoka hospitali, Mayala hakutaka kusikia habari ya kijijini. Alimleta Katoro, akanipigia simu nitoke Shinyanga nije Katoro nikae naye hadi apate nguvu, kwa kuwa nimestaafu na wanangu wameshaondoka. Mama alipoingizwa chumbani kwake chini alilikagua lile chuma ukutani, akauliza, "Hii ndiyo rejeta?"

"Ndiyo, Mama," Mayala akajibu kwa fahari.

"Sasa nyumba itaondoka lini?"

Nyumba haikuondoka, ila joto halikuja. Huo ulikuwa mwezi wa saba, na upepo wa asubuhi ulikuwa unakata. Rejeta zilipata uvuguvugu wa maji ya kuoshea mtoto mchanga, kisha zikapoa. Mama alikaa na makoti mawili na kikohozi chake, na kila kikohozi kilimchoma Mayala kama msumari. "Nitarudi kwangu," Mama akasema. "Baridi ya kule naijua." Daktari alikuwa ameonya kwamba kifua kile hakitavumilia nimonia nyingine, hivyo neno lile lilitutisha kuliko kikohozi.

Akaitwa Fundi Revocatus kutoka Geita, mmoja wa wale waliofunga boila. Alifika mchana na kofia ngumu kichwani, kama nyumba ingemwangukia. "Shikamoo, Bibi," alimwambia Mama, kisha akashika rejeta kama anayepima homa. "Imeingia upepo," akatangaza. Akafungua kiskrubu kidogo pembeni, ikatoka pumzi ndefu, fyuuu, kisha maji. Akafanya hivyo chumba hadi chumba. Rejeta zikawa moto, huwezi kuziwekea kiganja. Mayala akampigia makofi. Fundi akala, akaondoka.

Jioni rejeta zikapoa.

Kesho yake fundi akarudi mchana. Zilikuwa moto. "Mbona zinafanya kazi?" akauliza, akitutazama kama watu waliomwita hospitali kumwona mgonjwa anayecheza mpira. Hata hivyo akaosha mabomba, akatoa maji meusi kama ya matairi, akasema ndiyo yaliyokuwa yanaziba. Jioni baridi. Akafunga pampu kubwa zaidi, ikanguruma hadi kuku wa jirani wakahama. Jioni baridi. Jirani mmoja akamnong'oneza Mayala kwamba joto linaloondoka jua likizama halihitaji fundi, linahitaji mtaalamu wa aina nyingine, na kwamba dhahabu haikosi wenye wivu. Mayala alikataa, ila nilimwona akiikagua kona ya geti.

Wakati wote huo Mama alikuwa amejitatulia shida yake. Alimtuma mlinzi sokoni akamletea jiko la mkaa, akaliweka kwenye korido mbele ya mlango wa chumba chake. Jua likizama aliliwasha, akaketi kwenye kigoda, akachoma mahindi. Mjukuu wake Kabula, binti wa Mayala, alikuwa analala chumba kimoja na bibi yake. Siku za kwanza alipita hapo akiwa na simu usoni na koti la manyoya kama anasubiri theluji ya Katoro. Kisha harufu ya mahindi ikamkalisha. Nduguze wadogo wakamfuata. Mama akawasimulia sungura na fisi, na jinsi baba yao alivyolia siku alipoanguka ndani ya pamba akadhani amekufa na yuko mawinguni. Sikuwahi kuwasikia watoto wale wakicheka pamoja kabla ya hapo. Walipokwenda kulala, Mama aliufukia mkaa kwa majivu, akaacha mlango wazi ili joto limfuate.

Mayala hakuwahi kuona hayo. Jioni alikuwa kwa wanunuzi wenzake. Alichosikia ni malalamiko ya asubuhi, na habari kwamba Kabula anaamka na kichwa kinagonga. Wakampima malaria, hakuna. Mama naye alikuwa na kichwa, ila alisema ni cha uzee.

Jioni moja mvua isiyo ya msimu ilimrudisha Mayala nyumbani mapema. Alitukuta kwenye korido, akasimama kama mtu aliyeingia nyumba ya wengine. Mama akamsogezea kigoda. "Kaa, baba. Hindi hili limeiva." Akakaa, suruali yake ya kitambaa ikilalamika. Hakushika simu. Alikula akaegemea ukuta, na juu ya kichwa chake palikuwa na kidude cheupe ambacho sote tulidhani ni saa iliyosahauliwa kuwekewa mishale.

Kidude kikasema, tak.

Kule nyuma pampu ikanyamaza. Mayala akakoma kutafuna. Akainua macho akakitazama kile kidude, akateremsha macho akalitazama jiko, akainua tena.

"Dada Minza," akaniambia polepole, "shika rejeta."

Nikashika. Ilikuwa imeanza kupoa.

Asubuhi fundi aliitwa akaelezwa. Alivua ile kofia. Kile kidude ni themostati, akasema, ndicho kinacholiambia boila kama nyumba imepata joto au bado. Yeye mwenyewe alikifunga koridoni kwa kuwa ni katikati ya nyumba. Kila jua likizama, Mama aliwasha jiko chini yake, nacho kikapeleka habari kwamba nyumba nzima inaungua, boila lipumzike. Boila likapumzika, vyumba vikapoa, na Mama akaongeza mkaa.

Mayala alicheka hadi akashika tumbo kwa mikono miwili. Fundi hakucheka. Alikuwa anaangalia madirisha, yote yamefungwa.

"Bibi," akauliza, "hili jiko linalala humu ndani?"

"Linalala hapo mlangoni. Nalifukia tu."

"Na mnaamka na vichwa vinauma?"

Mama Kabula, mke wa Mayala, ambaye alikuwa amesimama na sinia la chai, aliliweka chini na kumvuta Kabula kifuani.

"Hewa ya mkaa haina moshi wala harufu," fundi akasema. "Inamlaza mtu, kisha haimwamshi. Jikoni kwenu kijijini paa lilikuwa la nyasi, hewa inapita. Hapa wamejenga kwa saruji na vioo. Naomba msirudie hata siku moja."

Mama alilitazama jiko lake. Nilizoea kumwona akishindwa na baridi, na njaa, na ushuru, lakini sikuwahi kumwona akishindwa na moto. "Nilikuwa nawapa joto," akasema. Mayala akapiga magoti mbele yake, tumbo na yote, akamshika mikono. "Mimi ndiye niliyekuleta kwenye nyumba baridi, Mama. Ungefanya nini?"

Fundi akahamishia themostati sebuleni. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, rejeta hazikupoa. Joto lilipanda hadi ghorofani, likaingia kila chumba kwa usawa bila kumpendelea mtu. Kikohozi cha Mama kikaanza kulegea, na habari ya kurudi kijijini ikakoma. Vichwa vikapona. Mayala aliwaita wanunuzi wenzake waje kushika rejeta, wakashika, wakatoka jasho, wakasifu.

Ila jioni korido ilikuwa tupu. Kwa kuwa kila chumba kilikuwa na joto, kila mtu alikuwa na chumba. Kabula alihamia ghorofani na simu yake, wadogo zake kwenye televisheni, Mama Kabula kwenye tamthilia, Mayala kwa wenzake. Mama alibaki kwenye kigoda chake, mgongo kwenye rejeta. Nikamuuliza kama ina joto.

"Joto inalo," akajibu. "Habari ndiyo haina."

Baada ya siku chache kifua kiliporuhusu, aliomba jiko lake. Tulilipeleka kwenye baraza ya nyuma, nje kabisa, ambako upepo unapita utakavyo na fundi mwenyewe asingekuwa na neno. Tulimfunika mablanketi kama mfalme. Tulikaa wawili tu, mkaa ukalia taratibu, mahindi yakapasuka. Wa kwanza kutoka alikuwa Kabula, akisema amekuja kutafuta mtandao. Kisha wadogo zake. Kisha Mayala alirudi, akazunguka nyumba nzima akitafuta watu, akatukuta kule nyuma. Alivuta ndoo ya maji, akaigeuza, akakalia.

Nawaza sana kuhusu jioni ile, sasa nikiwa nimerudi kwangu. Enzi zetu tulikaa pamoja kwa sababu moto ulikuwa mmoja, na hakuna aliyetuambia kama ule ni umaskini au ni neema. Tuliusogelea tukajikuta tumesogeleana. Watoto wetu tumewapa joto katika kila chumba, tena kwa mapenzi, kwa sababu tuliapa wasilale kwenye magunia. Siwezi kusema tulikosea. Kifua cha Mama kingesema vingine. Lakini napenda kukumbuka kwamba jioni ile ya Katoro, boila lilikuwa linanguruma, pampu inasukuma, rejeta zote zimepamba moto, na ndani ya ghorofa lile lote alikuwamo mtu mmoja tu.

Naye alifungua mlango wa nyuma, akachungulia. "Jamani," Mama Kabula akaita, "mnakaa baridini na ndani kuna joto lote hili?"

Mama alimsogezea mahali pa kukaa, bila kugeuka.

"Njoo, mama. Ila funga mlango, makochi yasije yakapata baridi."