Miguu ya Nyuma ya Ng'ombe

Mwaka nilioolewa Iyunga nilipewa nafasi katika mchezo wa Krismasi: miguu ya nyuma ya ng'ombe. Miguu ya mbele alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Yeye alitaka mdogo wake aoe kwao Tukuyu, na tangu nifike kutoka Kilolo alikuwa akinisalimia kwa adabu tu, basi.

Kikundi chetu kilikuwa cha walimu, manesi na mafundi wa reli. Kila siku ya pili ya Krismasi tulicheza hadithi ileile katika ukumbi wa kanisa. Yatima ameachiwa ng'ombe na marehemu mama yake, mama wa kambo anataka kumchinja, ng'ombe anacheza ngoma mpaka mama huyo anaishiwa pumzi na kisu kinamdondoka. Mama wa kambo alikuwa mwanamume siku zote, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Mwalimu aliyezoea nafasi ile alikuwa amehamishwa, kwa hiyo nafasi ikachukuliwa na mwenye bucha, mtu mpole mwenye kifua kama kabati. Alijifunga kitenge, akapaka poda, akashika kisu cha ubao kilichofunikwa karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti za sigara.

Jambo moja hatukulifikiri. Watoto wote wa Iyunga walikuwa wamewahi kutumwa nyama kwake.

Mimi sikuona kitu. Nilikuwa nimeinama ndani ya magunia, nimeshika kiuno cha wifi.

"Usinivute," alininong'oneza.

"Nisipokushika nitaanguka, wifi."

Mwenye bucha akainua kisu. Mtoto mmoja akaanza kulia, na kilio kikaenda benchi kwa benchi. Tukacheza ngoma yetu haraka haraka, lakini hakuna aliyecheka. Ndipo nikasikia fimbo ikigonga mbao za jukwaa. Wifi, aliyekuwa na tundu la kuchungulia, akaniambia kwamba bibi mmoja wa Kisafwa, jirani wa kanisa, amepanda.

"Weka kisu," bibi alisema.

"Bibi, huu ni mchezo," mwenye bucha akamjibu taratibu. "Humo ndani mna watu."

"Najua mna watu. Ndiyo maana nakwambia uweke kisu."

Kisha nikahisi tunavutwa. Bibi alikuwa ametufunga kamba kwenye pembe, anatushusha ngazi. Tungefanya nini? Tulimfuata. Miguu ya mbele ikaenda kulia, ya nyuma kushoto, tukapita katikati ya watoto waliotupapasa mgongo wakitupa pole, mpaka nje barazani ambako mvua ilikuwa inanyesha. Akatufunga kwenye nguzo, akaketi kando yetu.

Humo gizani, katika harufu ya magunia, nilihisi kiuno cha wifi kinatetemeka. Nikadhani analia.

"Wifi, umeumia?"

"Hapana," alisema, akishindwa hata kupumua kwa kicheko. "Mdogo wangu ameoa ng'ombe."

Nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Watoto waliotufuata wakapiga kelele kwamba ng'ombe anazaa.

Bibi hakutufungua mpaka mwenye bucha alipotoka na kitenge chake, poda inamchuruzika kwa mvua, akasimama mbele ya watoto.

"Nimeacha," alisema.

"Umeacha nini? Sema wasikie."

"Nimeacha kumchinja ng'ombe huyu."

Tulirudi ukumbini na kumaliza mchezo kwa shangwe. Jioni ile wifi alinikaribisha jikoni kwake kwa mara ya kwanza, akanipa kigoda karibu na moto nikaushe miguu, akaanza kuniuliza habari za mama yangu.

Pasaka tulialikwa kuucheza Kihesa, Iringa. Huko hakuna aliyemjua mwenye bucha. Walitazama kwa heshima, wakapiga makofi, wakatupa chai. Mwenye bucha alinuna njia nzima ya kurudi, maana hakuna hata mtoto mmoja aliyelia.