Roketi Imeruka, Mimi Nasalimiana

Roketi imeruka leo mbele ya wanafunzi wangu wote, na mimi mwalimu wao, "abla" kama wanavyoniita, sikuiona.

Tumetoka Ibra, hapa Oman, kwa basi baada ya swala ya alfajiri, safari ya shule, mpaka kituo cha kurushia roketi huko jangwani. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuwarekodia mama zao video.

Mhandisi akaanza kuhesabu. Kumi, tisa...
Simu nimeshainyanyua.

Mara nasikia Kiswahili nyuma yangu: "Wewe si wa Pemba wewe? Uso huu wa Wete."

Mlinzi wa geti. Mzee, rika la babu yangu.

Sasa niambieni nyie, mtu mzima anakusemesha, utampa mgongo?

Nikageuka, simu mkononi. "Shikamoo, babu."
"Marahaba. Mtoto wa nani?"
Nikamtajia baba. Akataka nimtajie na babu.
Ardhi ikatetemeka, watoto wakapiga mayowe. Yeye akapaza sauti tu: "Na bibi yako hajambo?"

Nilipogeuka tena, umebaki moshi.

Video ninayo, wallahi. Dakika mbili za ndevu za mzee, na mngurumo kwa nyuma. Nimeituma kwenye grupu la wazazi, wananiuliza, "Abla, roketi iko wapi?"

Nikamtumia na mama yangu, nikidhani yeye atanionea huruma.

Kanijibu: "Mzee wa watu kaulizia nyumba yetu nzima, wewe hata mkewe hukumuuliza hali?"