Dirisha la Baba King'ora

Mtaa mzima ulimwita Baba King'ora, na mtaa mzima ulijua pa kumpata: chumba cha madereva, nyuma ya hospitali ya serikali, chenye dirisha linalotazama barabara. Mgonjwa akizidiwa, ulikimbia ukagonga kioo. Yeye alitoka akifunga vifungo vya shati njiani. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, siku nyingine liliwaka kwa kusukumwa na ndugu haohao wa mgonjwa, huku wakilitukana. Lakini liliondoka.

Kisha serikali ikaikabidhi kampuni kazi ya kubeba wagonjwa. Yakaja magari mapya yanayong'aa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yalikuwa magari mazuri. Ila yaliegeshwa kwenye yadi ng'ambo ya mji, na hayakutoka mpaka kituo cha simu kiamuru. Baba King'ora alipewa sare mpya na masharti mapya. Simu za madereva zilifungiwa kabatini zamu nzima, wasije wakaitwa na jamaa zao.

Alipita nyumba kwa nyumba. "Jamani, dirishani sipo tena. Pigeni kituo, namba hii hapa." Mama Mapacha, jirani wa ukuta mmoja, ambaye aliwahi kujifungulia garini mwake, alimtania: "Shemeji, umepanda cheo, sasa unaitwa kwa foleni!" Mkewe alicheka kuliko wote, akaibandika namba mlangoni kwao ili majirani waione.

Asubuhi moja mkewe alibanwa na kifua akifua nguo uani. Alikuwa peke yake, simu iko karibu. Akampigia mumewe.

Baba King'ora alikuwa yadini, akifuta kioo cha gari ambacho hakikuwa na vumbi. Hapakuwa na kazi. Madereva walikuwa wakitaniana kuhusu nani atanenepa kwanza kwa kukaa bure.

Jua lilikuwa limeshapanda amri ilipokuja. Kituo kikamsomea mtaa, kikamsomea nyumba. Aliendesha king'ora kikilia, naye analia.

Alimkuta Mama Mapacha amepiga magoti uani, kichwa cha mkewe mapajani. Povu lilikuwa limekauka kwenye beseni. Hakushusha machela. Dereva wa miaka mingi hahitaji daktari kumwambia.

Jioni alifunguliwa kabati. Kioo cha simu kilijaa jina moja, kutoka juu hadi chini.

Msibani Mama Mapacha hakuweza kunyamaza. "Shemeji, mimi nimerudi sokoni tu ndiyo nikapiga kituo. Yeye kwa nini hakupiga? Namba ipo mlangoni, kaibandika kwa mkono wake!"

Baba King'ora aliugeukia mlango.

"Hiyo aliwabandikia ninyi," alisema. "Yeye alikuwa na dereva nyumbani."