Mume Wangu Alituma Jambia Likamwolee Mke wa Pili

Siku mume wangu anaoa mke wa pili, yeye alikuwa amelala chumbani kwake, feni inampepea. Harusini alituma jambia.

Msicheke. Kwetu Bali, kwenye nyumba za kina Gusti mume wangu, ndiyo mila. Mwanamume wa ukoo mkubwa akioa binti wa watu wa kawaida, hashuki kwenda kukaa naye mbele ya kuhani. Jambia lake linawekwa pembeni ya bibi harusi, mambo yanakwisha.

Hata mimi niliolewa hivyo hivyo. Siku hiyo nikapewa jina la Jero Sandat, la kwetu nikaliacha mlangoni.

Kwa hiyo jambia halikunishangaza. Kilichonikata maini ni mpini.

Mimi nililetewa jambia la mpini wa mti. Mti mtupu, umepauka kwa jasho la babu zake, na bado nilijiona nimeolewa na mfalme. Sasa huyu Luh Wartini, binti wa muuza nguruwe wa kuchoma, anatengenezewa mpini wa dhahabu.

Chuma kilekile, bwana yuleyule. Yeye dhahabu, mimi mti. Wivu ulinipanda.

Mama mkwe akatia chumvi kwenye kidonda. Akasema mke mkubwa ndiye anayepaswa kulichukua jambia kwa sonara na kumpelekea mwenzake.

"Na usiende umenuna, Jero. Watu watakuangalia."

Nikaenda kwa Pande Mudita, sonara wetu wa Klungkung. Nilimkuta anauosha mpini kwa maji ya ukwaju. Niliomba uwe mbaya, nipate la kusema. Wapi.

Mpini wenyewe ulikuwa zimwi dogo limechuchumaa, macho yamelitoka, kila unywele umegongwa kwa kitindo kwenye bati la dhahabu jembamba kama ganda la kitunguu. Chini ya miguu yake kuna duara la vito vyekundu, kila kimoja kimeshikwa na kucha ndogo za dhahabu. Hata meno ya lile zimwi niliyaonea wivu.

Mzee akaanza kujisifu. Akanieleza anavyomimina utomvu wa moto ndani ili dhahabu isibonyee. Halafu akaugeuza mpini, akanionyesha kito cha nyuma.

"Hiki kilinitoa jasho. Kimemeguka pembeni. Nimekizungusha, pale palipomeguka nikapafunika na ukucha. Hata mwenyewe hataona."

Mwenyewe nilikuwa nimesimama mbele yake.

Kito kile kilikuwa kwenye hereni za marehemu mama. Nilikiangusha kwenye kinu nikiwa mtoto, nikachapwa, siwezi kukisahau. Hereni hizo na maua ya dhahabu ya kichwani nilitoka nazo kwetu, ni mali yangu. Gusti alizichukua akasema anazipeleka benki, wezi wamezidi.

Nikamuuliza sonara dhahabu ilitoka wapi. Akasema Gusti alimletea hereni na maua ya kichwani alivyorithi kwa bibi yake, aviyeyushe.

Akauvika mpini kwenye jambia, nikalipakata, nikaondoka.

Njiani hasira zote zilikwenda kwa Wartini, sijui kwa nini. Niliapa hatabaki na dhahabu ya mama yangu, na atalia hadi wanja umchuruzike.

Nilimkuta chumbani amekwishapambwa, kichwa kimejaa maua ya dhahabu ya mama yake. Nikawatoa wapambaji nje, nikamkabidhi jambia. Akalipokea kwa mikono miwili, akatabasamu.

"Dada, mpini mzuri jamani. Sikujua kama ananipenda hivi."

Hapo nikapasuka.

"Amekupenda kwa mali yangu. Hiyo ni dhahabu ya marehemu mama. Inua ukucha wa kito cha nyuma, utakuta kimemeguka."

Akachomoa pini kichwani, akainua ukucha taratibu. Dhahabu safi ni laini, haikumsumbua. Palipomeguka pakaonekana.

Nikasubiri alie. Nilitaka sana alie.

Badala yake akashika hereni zake mwenyewe, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Dada, na hizi zangu, atakuja kuziyeyushia mpini wa nani?"

Akavua maua ya kichwani moja moja, akamwita baba yake. Yule muuza nguruwe alipoelezwa aliutazama mpini, akamtazama binti yake, kisha akatoka uani kuwaambia wageni kwamba chakula kipo, wale washibe, ila harusi hakuna.

Wartini akauzungusha mpini hadi ukachomoka, akaniwekea mkononi. Chuma kikafungwa kwenye kitambaa, kikarudishwa kwa Gusti kikiwa uchi. Naambiwa kilimkuta bado amelala.

Mimi sikurudi kwake. Nilikwenda kwetu na mpini wangu.

Na msidhani wivu umeniisha. Wartini namwonea mpaka leo. Yalichoshindwa kukiona macho yangu miaka yote ya ndoa, yeye alikiona kabla hajaolewa.

Dada zangu, wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi naongeza kimoja: ukiletewa dhahabu, kabla hujacheka, uliza imevuliwa kwa nani.